KOMPYUTA KUUKUU ZA GHALANI

Wanachama wetu wajua kuwa makonyo hayatupwi. Karafuu ikisha kuchambuliwa, makonyo nayo huanikwa yakauzwa, yakatolewa mafuta. Lakini mwezi uliopita sisi wenyewe tulikuwa tumekwisha kuita gari lije lichukue kompyuta tatu za ofisini likazitupe jaani.

Tuliambiwa zimekwisha. Kumbe iliyopitwa na wakati ni programu tu. Kampuni ya Microsoft ilikoma kuitolea Windows 10 masahihisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali mashine nyingi za zamani, hata zikiwa nzima.

Kijana mmoja, mtoto wa mwanachama, akatuomba tumwachie siku mbili. Alipangusa vumbi, akaongeza RAM, akatoa diski ya kuzunguka na kutia ya namna mpya, SSD, isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Hii diski ndiyo yenye faida kubwa kuliko yote, kwani zamani karani aliwasha mashine akaenda kunywa chai, akarudi bado haijawa tayari. Kisha akatia Linux Mint, ambayo hailipiwi. Asili yake ni Linux, aliyoianza Linus Torvalds wa Ufini mwaka 1991. Sasa moja yaandika mizani, na ya pili tumewapa skuli. Ya tatu ilikuwa imekufa kweli, tukaitoa vipuri.

Ndani ya diski tulizozitoa ndimo tulimoona jambo la kututia haya. Orodha ya wanachama ilikuwamo nzima: majina, namba za simu, kilo za kila mtu na fedha alizolipwa. Tuliamini tumeifuta zamani. Lakini kufuta faili kwa kawaida ni kama kukata jina katika faharasa ya daftari, na kurasa zikabaki zilivyo. Lau gari lingalifika siku ile, hesabu zenu zingalikuwa jaani, mikononi mwa yeyote mwenye kuziokota. Twawaomba radhi. Diski hizo sasa zimetobolewa kwa keekee, mbele ya wajumbe wawili wa kamati.

Wako pia wanaochoma nyaya ili wapate shaba. Moshi wake ni sumu, na skrini za zamani zenye kisogo kikubwa zina risasi nyingi ndani ya kioo. Msifanye hivyo shambani, wala karibu na kisima.

Hatusemi kila mashine yafaa kufufuliwa. Yenye RAM ya GB 4 yatosha kwa barua na hesabu. Ya GB 2 tusijidanganye.

Mwenye kompyuta kuukuu nyumbani na ailete ofisini Jumamosi asubuhi, pamoja na waya wake wa umeme. Ikiwa betri imevimba, asiichaji wala asiitoboe, atuarifu kwanza.