Je, Wajua? Bomu la Ilala Katika Mahakama za Marekani

Ikitajwa Guantanamo, jela ya Marekani ya washukiwa wa ugaidi, kwenye vijiwe vya kahawa vya Mchafukoge, wengi huona ni mambo ya Wamarekani wenyewe. Lakini ukitoka hapo ukaikata Kariakoo, unaingia Ilala, na humo, katika nyumba namba 213, ndimo lilimoandaliwa bomu lililolipua ubalozi wa Marekani Dar es Salaam, Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998.

Je, wajua boza la maji lilipunguza maafa? Lori la bomu, Nissan Atlas, lilipofika ubalozini lilikuta boza limeziba lango, likashindwa kupita. Watu 11 walikufa na 85 wakajeruhiwa. Nairobi, ambako ubalozi wa Marekani ulilipuliwa karibu wakati uleule, walikufa 213.

Je, wajua Mzanzibari aliponea mashtaka 284 kati ya 285? Ahmed Khalfan Ghailani alidaiwa kushiriki kununua lori na mitungi ya gesi iliyopakiwa ndani yake. Alikamatwa Pakistan mwaka 2004, akashikiliwa kwa siri na shirika la ujasusi la Marekani, CIA, akapelekwa Guantanamo mwaka 2006, na mwaka 2009 akahamishiwa New York. Hadi leo hakuna mfungwa mwingine wa Guantanamo aliyefikishwa mbele ya mahakama ya kiraia huko. Upande wa mashtaka ulimtegemea Mtanzania mmoja aliyesema alimuuzia Ghailani baruti ya TNT. Jaji Lewis Kaplan akamkataa shahidi huyo: jina lake lilipatikana kwa kumshurutisha mshtakiwa aseme, basi ushahidi wake haufai. Hapo kijiweni lazima mtu atagonga meza.

Katika kesi kama hiyo Marekani, hatia huamuliwa na raia 12, na sharti wakubaliane wote. Sisi tulizoea wazee wa baraza, ambao maoni yao hayamfungi jaji. Novemba 2010 hao 12 walimtia hatiani kwa shtaka moja tu, la kula njama ya kuharibu majengo na mali ya serikali ya Marekani. Akapata kifungo cha maisha kwa hilo hilo moja. Wanasiasa waliona karibu atoroke, na Januari 2011 ikasainiwa sheria ya kuzuia wafungwa wa Guantanamo kuletwa ndani ya Marekani. Kwa maoni yangu jaji alikuwa sahihi, na kifungo chenyewe kilitosha kuwanyamazisha.

Je, wajua mshirika wa Ghailani alikamatwa Cape Town, alikokuwa akifanya kazi kwenye mgahawa? Khalfan Khamis Mohamed alikabidhiwa kwa Wamarekani mwaka 1999. Tarehe 28 Mei 2001 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ikasema alikabidhiwa kinyume cha katiba, kwa kuwa haikutakwa ahadi kwamba hatapewa adhabu ya kifo. Kesho yake New York ikamtia hatiani. Kuhusu adhabu ya kifo raia 12 wa kesi yake hawakuafikiana, akafungwa maisha.

Na fidia? Sudan, iliyompa hifadhi miaka ya 1990 Osama bin Laden, kiongozi wa kundi lililofanya mashambulizi hayo, ilikubali kulipa dola milioni 335, na Desemba 2020 ikaondolewa kwenye orodha ya Marekani ya nchi zinazofadhili ugaidi. Mgao ulipangwa kwa uraia: mfanyakazi Mmarekani aliyeuawa, dola milioni 10, asiye Mmarekani, dola 800,000. Katika wale 11 wa Dar es Salaam, hakukuwa na Mmarekani hata mmoja.