Mwanga humtesa mgonjwa wa kipandauso ingawa macho yake ni mazima

MTU aliyeshikwa na kipandauso hutambulika kwa jambo moja: hukimbilia giza. Hufunga madirisha, huteremsha mapazia na kujifunika shuka usoni hata kama jua la nje si kali. Aghalabu jamaa zake humdhania kuwa anajifanya ili akwepe kazi, ama humpeleka kununua miwani wakiamini kuwa macho yake ni mabovu.

Dhana zote mbili hazina msingi. Utafiti umebainisha kwamba maumivu hayo ni ya kweli, na kwamba kiini chake kimo ndani ya ubongo.

Ili kulielewa jambo hili, yafaa kuanza na mboni, yaani ule mwanya mweusi ulio katikati ya jicho. Mboni ni mfano wa mlango. Mwanga ukiwa mkali hujibana hadi upana wa milimita 2 hivi, na gizani hutanuka hadi milimita 7 au 8 kwa vijana. Hakuna awezaye kuuamuru mlango huo ufunguke au ufungike. Ndiyo sababu daktari humulika jicho la mgonjwa kwa tochi: mboni haijui kusema uongo.

Kwa miaka mingi wataalamu waliamini kuwa jicho lina aina mbili tu za seli za kupokea mwanga, nazo ni zile zinazotuwezesha kuona. Mnamo 2002, wanasayansi nchini Marekani walithibitisha kuwapo kwa aina ya tatu, zenye kemikali iitwayo melanopsini. Seli hizi haziundi picha. Kazi yake ni kupima wingi wa mwanga, kuujulisha mwili iwapo ni usiku au mchana, na kusaidia kuiongoza mboni.

Uhusiano wake na kipandauso ulidhihirika mwaka wa 2010, pale Rami Burstein na wenzake mjini Boston walipowachunguza vipofu 20 wenye maradhi hayo. Sita kati yao hawakuhisi mwanga hata chembe, na mwanga haukuwazidishia maumivu. Lakini wale 14 waliobaki, ambao walitambua mwanga ingawa hawakuweza kuona maumbo, waliumia zaidi walipomulikwa. Watafiti hao pia walionyesha, kwa kutumia panya, kuwa habari za mwanga hufika katika sehemu ya ubongo iitwayo thalamasi, na huko hukutana na habari za maumivu kutoka kwenye utando unaoufunika ubongo.

Ushahidi mwingine ulitolewa mwaka wa 2020 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Waliwamulika watu 60, ambapo 40 walikuwa na kipandauso na 20 hawakuwa na tatizo la kuumwa na kichwa. Wenye kipandauso walisema mwanga uliwakera zaidi. Hata hivyo, mboni zao hazikujibana kupita za wenzao. Hii ni ishara kwamba jicho hupeleka habari kama kawaida, ila ubongo wa mgonjwa huipokea kwa ukali uliozidi.

Utafiti mwingine wa Burstein na wenzake, uliochapishwa mwaka wa 2016, ulionyesha kuwa mwanga hafifu wa kijani huwaudhi wagonjwa kidogo kuliko mweupe, wa buluu au mwekundu.

Je, mgonjwa afanye nini? Wakati wa shambulio, ambalo laweza kudumu kati ya saa 4 na 72 lisipotibiwa, apumzike mahali penye giza na utulivu, na ameze dawa aliyoelekezwa na daktari mapema kabla maumivu hayajakomaa. Lakini kuvaa miwani myeusi ndani ya nyumba kutwa kucha hakushauriwi, kwani macho huzoea giza na mwanga wa kawaida ukazidi kuwa adui. Vivyo hivyo, kumeza tembe za kutuliza maumivu siku 15 au zaidi kila mwezi kwaweza kuleta maumivu mapya ya kichwa.

Ikumbukwe pia kuwa si kila anayechukia mwanga ana kipandauso. Homa ikiandamana na shingo kukakamaa yaweza kuwa ni uvimbe wa utando wa ubongo. Jicho jekundu lenye maumivu makali, huku mboni ikikosa kujibana, laweza kuwa na shinikizo linalopofusha. Mboni moja ikitanuka ghafla kuliko nyingine na ukope ukalegea, au kichwa kikauma ghafla kwa kishindo kisicho na mfano, mgonjwa akimbizwe hospitalini bila kuchelewa.

Kwa wengine wote, msaada wa kwanza ni kuaminiwa. Mwanafunzi anayeomba kukaa mbali na dirisha darasani, au mfanyakazi anayeomba taa iliyo juu ya meza yake izimwe, huenda anajikinga na maumivu ambayo hakuna mwingine awezaye kuyaona.