Philip Boit na Haki ya Kuanza Ukubwani

Tarehe 12 Februari 1998, mjini Nagano, Japani, Mkenya Philip Boit alikuwa wa mwisho kuvuka mstari katika mbio za kilomita 10 za kuteleza kwenye theluji. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alikuwa amemaliza dakika 20 kabla yake. Dæhlie hakuondoka. Alisimama palepale kwenye baridi, sherehe ya medali ikangoja, na Boit alipofika wakakumbatiana. Baadaye Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi, na karibu kila mara husimuliwa kama kichekesho chenye mwisho mwema: Mwafrika kwenye theluji, anaanguka, anainuka, mpinzani mwungwana anamngoja. Naamini tumekisimulia vibaya. Jambo kubwa ndani yake ni umri wa Boit. Alizaliwa Desemba 1971 na alikuwa mkimbiaji wa mbio za kati, wa ukoo mmoja na Mike Boit aliyeshinda shaba ya mita 800 Munich mwaka 1972. Alipopelekwa Finland mwaka 1996, kwa ufadhili wa kampuni ya Nike, alikuwa na miaka 24 na hakuwa amewahi kukanyaga theluji. Wapo waliosema ule ulikuwa utangazaji wa biashara tu. Mpango unaweza kuitwa hivyo, ila jasho la kujifunza lilikuwa la Boit mwenyewe. Mtu mzima, mwenye stadi iliyokwisha kukaa mwilini, aliombwa aiweke kando aanze alifu, na miaka miwili baadaye alikuwa amevaa rangi za Kenya kwenye Olimpiki.

Ugumu wa alichofanya hauonekani kwenye picha. Mkimbiaji akitua, ardhi humshika. Anasukuma, anaruka, anatua tena. Kwenye skii za masafa marefu, ncha ya kiatu ndiyo pekee iliyofungwa kwenye ubao mwembamba, kisigino kiko huru. Mguu mmoja unasukuma, kisha mwili wote unapaswa kuhamia kwenye mguu wa pili, utulie hapo na kuteleza. Mwanafunzi mgeni hawezi kutulia. Anaugawa uzito kwenye miguu yote miwili kwa kuwa anahisi ndiko kwenye usalama, na kwa hiyo hatelezi, anatembea kwa taabu akiwa na mbao ndefu miguuni. Mikono nayo, ambayo mkimbiaji wa Bonde la Ufa huibeba kwa wepesi karibu na kifua, hapa inabebeshwa kazi nzito ya kusukuma fimbo. Kisha kuna elimu ya nta. Katikati ya ubao hupakwa nta ya kuishika theluji, mbele na nyuma hupakwa ya kuteleza, na nta iliyofaa asubuhi inaweza kukuponza mchana joto likipanda nyuzi chache tu. Siku ile Nagano theluji ilikuwa ya majimaji, ikawa inaganda chini ya skii za Boit. Alikuwa akiibeba kila alipoinua mguu.

Hakuishia hapo. Alirudi Salt Lake City mwaka 2002, akarudi tena Turin mwaka 2006, na kule Turin kulikuwa na watu waliomaliza nyuma yake. Hii ndiyo sehemu ambayo wasimulizi huiacha, nami naiona kuwa ndiyo yenyewe. Mtu aliyeanza akiwa na miaka 24 alikuwa bado anajifunza akiwa na 34, na alikuwa anaendelea vizuri.

Sisi wa Thika na Ruiru tuna theluji moja tu ya karibu, ile ya Mlima Kenya, inayoonekana alfajiri anga likiwa safi. Hiyo nayo inatuaga: barafu ya Lewis, iliyokuwa kubwa kuliko zote mlimani, ilipoteza asilimia 90 ya ujazo wake kati ya mwaka 1934 na 2010. Lakini watu wetu wanaifuata theluji kule iliko. Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini mjini Berlin makubaliano ya uhamaji wa wafanyakazi, na hata kabla ya hapo haikuwa ajabu kukuta nyumba Kimbo au Makongeni yenye binti muuguzi Ulaya au kijana anayeendesha lori Kanada. Kabla ya safari wanafundishwa lugha, wanaandaliwa stakabadhi, wananunuliwa koti zito. Hakuna anayewaambia kwamba majira ya baridi huchukua miezi, na kwamba wenyeji huyavumilia kwa kutoka nje na kucheza ndani yake. Nimezungumza na zaidi ya mmoja aliyealikwa na wenzake wa kazini kwenda kuteleza akakataa, si kwa sababu ya gharama wala ya kuogopa kuvunjika. Alikataa kwa sababu hakutaka kuonekana akianguka mbele ya watoto wa miaka 4 wanaompita kama upepo. Basi akabaki chumbani, na baridi ikawa ndefu zaidi.

Kuna methali tunayoipenda sana: samaki mkunje angali mbichi. Ilisemwa kuwahimiza wazazi wawalee watoto mapema, na kwa hilo ina haki yake. Tumeigeuza kuwa hukumu juu ya mtu mzima. Mwanamke wa miaka 40 akisema anataka kujifunza baiskeli, kuogelea au gitaa, mtu wa kwanza kumjibu atamtajia samaki huyo. Nampenda Sabrina Simader, aliyezaliwa Kilifi, akahamia Austria akiwa mdogo na kujifunza huko utotoni hadi akaiwakilisha Kenya Pyeongchang mwaka 2018, Mkenya wa kwanza wa kike kwenye Olimpiki ya majira ya baridi. Yeye ni ushahidi wa methali. Lakini Kwame Nkrumah-Acheampong wa Ghana alijifunza akiwa mtu mzima, kwenye mteremko wa theluji ulio ndani ya jengo huko Milton Keynes, Uingereza, alikokuwa ameajiriwa mapokezi. Mwaka 2010, Vancouver, alimaliza mbio za slalomu wa 47, siku ambayo zaidi ya nusu ya walioanza hawakufika chini. Mwili wa mtu mzima unakunjika, ila unahitaji mahali pa kufanyia hivyo na mtu wa kuusaidia.

Jumapili moja jioni, kwenye maegesho ya jengo la maduka Ruiru ambayo siku hiyo yalikuwa matupu, nilimtazama mwanamume wa makamo akijifunza kuteleza kwa viatu vya magurudumu. Alikuwa amevaa kofia ngumu ya bodaboda na glavu za ngozi za kazini. Mwalimu wake alikuwa kijana wa kama miaka 20. Kitu cha kwanza alichomfundisha ni kuanguka. Si kwenda mbele; kuanguka. Kunja magoti, shuka, egemea upande mmoja, kunja vidole kabla mkono haujagusa lami. "Mzee, usipigane nayo," kijana alisema, na mzee akajibu, "Sawa, mwalimu," bila kebehi yoyote sautini. Alianguka kwa makusudi mara kadhaa hadi akaacha kukaza shingo. Ndipo kijana akamwambia asimame kwa mguu mmoja. Alichotakiwa kufanya kilikuwa kilekile kilichomsumbua Boit Finland: uzito wote upande mmoja, halafu subira. Mara nyingi aliuweka mguu wa pili chini mapema mno. Kisha mara moja hakuuweka. Aliteleza labda urefu wa magari mawili, mikono imetanda, na watoto waliokuwa wakizunguka pale wakampigia makofi. Hawakumcheka hata kidogo, nami nikajiuliza ni lini tulikubaliana kwamba watatucheka.

Hofu yenyewe haipaswi kudharauliwa, maana ina kazi yake. Mtu mzima huanguka kutoka juu zaidi kuliko mtoto, mifupa yake hupona polepole, na Jumatatu ana watu wanaomtegemea. Lakini hofu hutoa ushauri mbaya kwenye mteremko. Inamvuta mwanafunzi aegemee nyuma, mbali na bonde analoliona mbele yake, na akiegemea nyuma ncha za skii hukosa uzito, zinaacha kumtii, anaongeza kasi badala ya kupunguza. Walimu wa wanaoanza huwafundisha kinyume cha silika: egemea mbele, ncha zikaribiane, visigino vitanuke, kanyaga kwa ndani. Hapo mtu husimama. Mtoto hulipata hili kwa kujaribu-jaribu. Mtu mzima ana faida ambayo hatuitaji vya kutosha: anaweza kuelezwa sababu, akaielewa, na kuitii hata mwili unapopinga. Huo ni uwezo mkubwa wa kujifunzia, na hupatikana kwa kuishi.

Wasiwasi wangu haukomei kwenye theluji. Thika imezungukwa na maji. Mito ya Chania na Thika inapita mjini, maporomoko ya Chania yako kando ya hoteli ya Blue Posts, na mwendo mfupi kutoka hapo Mto Athi unaanguka kwenye Fourteen Falls, ambako watu hufurika wikendi. Upande wa Juja na Ndarugu kuna machimbo ya mawe ambayo yakiachwa hujaa maji ya mvua, ya kina kisichoonekana. Vijana wanazama humo. Na wengi wa wazazi wao hawajui kuogelea, kwa hiyo hawawezi kuwafundisha wala kuwaokoa. Mabwawa ya kuogelea ya hoteli na shule tunayo, yana walimu, na ratiba za masomo nilizoona zimejaa majina ya watoto wakati wa likizo. Mama anayemleta mwanawe hukaa kando ya maji saa nzima ameshika taulo. Ana nia, nimewasikia kina mama wakiuliza kama na wao wanaweza kujiunga, kwa sauti ya chini, kana kwamba wanaomba kitu kisichokuwa chao. Jibu mara nyingi ni kwamba wanaweza kuja pamoja na watoto. Hilo ni sawa na kumwambia asije.

Kwa hiyo dai langu ni la kawaida kabisa, na nalitoa kwa wenye mabwawa, wenye maegesho yaliyo matupu Jumapili, wasimamizi wa viwanja na serikali ya Kaunti ya Kiambu. Tengeni saa za watu wazima wanaoanza, peke yao, jioni baada ya kazi, kwa bei ambayo mfanyakazi wa kiwandani Thika anaweza kuimudu. Wekeni walimu waliofunzwa kufundisha watu wazima, wa kike na wa kiume, maana mwanamke aliyelelewa kwa staha hataingia majini mbele ya wanaume asiowajua ili aonyeshwe jinsi ya kupumua. Kodisheni kofia na kinga za magoti badala ya kumtaka mtu anunue kitu ambacho hajui kama atakipenda. Wachezaji wa hoki ya barafu wa Kenya Ice Lions walipata kiwanja kimoja tu, kile cha hoteli ya Panari, Nairobi, na hicho kimoja kilitosha kuzaa timu ambayo mwaka 2018 ilionekana kwenye tangazo la Kanada pamoja na nyota wa hoki Sidney Crosby. Na kwa yule aliye tayari kusafiri, mwenye tiketi ya Munich au Calgary mkobani: ukifika, uliza darasa la watu wazima wanaoanza, kodi vifaa, na ukubali mwaliko wa kwanza utakaoupata.