Mpilipili wa Uani

Katika soko la Darajani, Unguja, jina la pilipili hoho humponza mgeni. Kwa mtu wa bara, hoho ni lile tunda kubwa lisilowasha, la kukatia kwenye kachumbari. Unguja tunda hilo huitwa pilipili boga. Hoho ni pilipili yenyewe, nyembamba na kali. Zinazoogopwa zaidi ni pilipili mbuzi, fupi yenye mikunjo, inayonukia kabla haijawasha, na pilipili kichaa, ndogo kuliko kidole cha mtoto. Zote ni za jenasi moja, Capsicum, yenye asili ya mabara ya Amerika, na zilifika pwani hii baada ya merikebu za Wareno kuanza kupita mwishoni mwa karne ya 15. Baadaye pilipili kavu za Zanzibar zilipata jina lake katika soko la viungo la London. Pilipili manga, inayotambaa juu ya miti kule Kizimbani, si ndugu yao kabisa.

Pilipili mbuzi ikipasuliwa kwa kisu, ndani huonekana utando mweupe ulioshika mbegu. Wengi hukung'uta mbegu wakidhani wameondoa ukali, kumbe ukali hutengenezwa kwenye utando. Mbegu hupakwa tu kwa kugusana nao. Dutu yenyewe ni kapsaisini. Mwaka 1997 maabara ya David Julius huko Marekani ilikitambua kipokezi cha neva kinachoinasa, kilekile kinachoshtuka joto likifika takriban nyuzi 43 za Selsiasi, na mwaka 2021 Julius alikuwa mmoja wa wawili waliopewa Tuzo ya Nobeli ya tiba. Ulimi wa mla urojo hauungui, ila umeambiwa unaungua. Kapsaisini haiyeyuki vizuri kwenye maji, ndiyo maana glasi ya maji haisaidii kitu na maziwa husaidia. Mikono iliyokata pilipili nayo hupakwa mafuta ya nazi kwanza, sabuni baadaye.

Ndege wana kipokezi hicho pia, lakini chao hakiisikii kapsaisini. Utafiti wa Joshua Tewksbury na Gary Nabhan, uliochapishwa mwaka 2001, ulionyesha kwamba mbegu za pilipili mwitu zilizotafunwa na panya hazioti, ilhali zilizopita tumboni mwa ndege huota. Ukali, basi, humfukuza mwenye magego na kumwachia ndege karamu. Shore akila pilipili kichaa kisha akatua ukutani, miezi michache baadaye mche huchomoza chini yake bila mtu kuupanda.

Mche huo wa bahati huwa na taabu zake Mji Mkongwe. Nyumba zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na lipu inayomeguka huingia udongoni mwa ua. Chokaa ikizidi, madini ya chuma hufungika, na majani machanga hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Maji ya kisima yenye chumvi huunguza kingo za majani. Kwa hiyo ndoo ya rangi iliyotobolewa chini, ikajazwa udongo mwekundu wa mashamba ya magharibi na samadi ya kuku iliyooza vizuri, ni bora kuliko ardhi ya uani. Samadi isizidi: mti ulioshiba naitrojeni hujaa majani ukasahau kuzaa.

Mbegu husiwa masika yakielekea kuisha, zikaota kwa wiki moja hadi mbili, za pilipili mbuzi zikichelewa zaidi. Mche wenye majani manne hadi sita huhamishiwa kwenye ndoo jioni, ukakua katika ubaridi wa kipupwe. Kusubiri Kaskazi kuna hasara: joto likipita nyuzi 32 hivi, maua mengi hupukutika. Maji yatoshe kulowesha, yasituame, kwani mizizi iliyofurika huoza. Makumbi ya nazi yakitandazwa juu, unyevu hudumu. Vidukari na nzi weupe hujificha chini ya majani, na wengine hueneza virusi vinavyoyakunja. Maji ya majani ya mwarubaini yaliyotwangwa hupunguza wadudu, lakini mti uliokwisha kukunjamana hung'olewa tu.

Pilipili huweza kuchumwa mbichi au zikiiva, pamoja na kikonyo, na kuchuma mara kwa mara huufanya mti uendelee kuchanua. Kwa kuwa Unguja haina baridi kali, mpilipili kichaa uliopunguzwa matawi huishi miaka kadhaa.

Wapo wanaokataa kupanda pilipili boga karibu na kichaa wakihofia boga itawasha. Tunda la msimu huu halibadiliki, kwa sababu nyama yake hufuata mti mama. Mbegu ndizo zinazoweza kubeba urithi wa chavua iliyoletwa na nyuki kutoka ua wa pili, na boga itakayotokana nazo ndiyo ya kuonjwa kwa tahadhari.