Usiilegeze Breki ya Mbele

Kijana anayeanza kazi ya bodaboda, iwe Kimumu au Moiben katika Uasin Gishu, hufundishwa mapema kuiogopa breki ya mbele: itakurusha. Wengine huilegeza hadi leva inagusa usukani na tairi halijahisi chochote, na wengine huiacha ife kwa kutu. Woga huo una sababu ya kweli, lakini dawa yake imekosewa. Breki ya mbele inayoangusha watu mara nyingi ni ile iliyofungwa vibaya na kuminywa kwa pupa. Kuirekebisha hakuhitaji diski wala fedha nyingi. Kunahitaji spana, msasa, chaki na fundi anayejua nguvu ya mkono inapotelea wapi.

Tuanze na hesabu, kwa sababu hapa ndipo ubishi mwingi huanzia. Tuchukue pikipiki ya cc 150 yenye dereva, abiria na nusu gunia la mahindi, jumla kilo 300 hivi. Tuseme umbali kati ya ekseli mbili ni mita 1.25, na kitovu cha uzito wote kiko mita 0.75 juu ya ardhi. Mzigo ukiwa nyuma, tairi la nyuma laweza kubeba asilimia 70 ya uzito pikipiki ikiwa imesimama. Wengi huishia hapo na kuamua kwamba breki ya nyuma inatosha. Lakini breki inaposhika, uzito husogea mbele, na mzigo ukiwa juu zaidi, uzito unaosogea huwa mwingi zaidi. Mshiko wa tairi kwenye changarawe kavu iliyoshindiliwa ukiwa 0.6, na breki zote mbili zikitumika kikamilifu, tairi la mbele litakuwa limebeba asilimia 66 na la nyuma 34. Kutoka mwendo wa kilomita 40 kwa saa, breki ya nyuma peke yake itasimamisha pikipiki hiyo baada ya mita 20 hivi. Zote mbili zitaisimamisha baada ya mita 10 na nusu. Hizi ni hesabu za karatasi na barabarani ni wachache wanaofika kikomo hicho, ila uwiano wenyewe hauna ujanja wa kuukwepa. Dereva akiwa peke yake hali ni mbaya zaidi, kwa sababu tairi la nyuma halina tena mzigo wa kulikandamiza na huanza kuserereka mapema. Tofauti hiyo ya karibu mita 10 kati ya breki moja na zote mbili inatosha kuamua kama mtoto anayevuka kwenda shule atafika ng'ambo.

Hata hivyo, wanaoipinga breki ya mbele hawasemi uongo. Tairi la nyuma likifunga, pikipiki huserereka lakini mara nyingi hubaki wima. La mbele likifunga, usukani hauongozi tena, na pikipiki hulala kabla dereva hajajua kilichotokea. Swali ni kwa nini lilifunga. Katika mfano wetu, pale breki inapoanza tu, tairi la mbele linabeba asilimia 30 ya uzito, kwa hiyo mshiko wake ni mdogo. Ukiminya ghafla, breki inalizidi nguvu kabla uzito haujafika mbele. Ukianza kwa wepesi kisha ukakaza, uzito hufika, tairi hukandamizwa ardhini, na mshiko huongezeka pamoja na nguvu ya mkono. Kwa hiyo breki nzuri ni ile inayoongeza nguvu polepole na kwa kipimo kile kile kila inapovutwa. Ukali peke yake si sifa.

Ushahidi mzuri unatoka katika mchezo wa pikipiki uitwao traiali, ambamo dereva hupita juu ya miamba, mizizi na matope bila kukanyaga chini, na kila akigusa ardhi kwa mguu huhesabiwa kosa. Ingekuwa kweli kwamba breki ya mbele haifai penye utelezi, wachezaji hawa wangekuwa wa kwanza kuing'oa. Lakini wanaitegemea muda wote, tena kwa kidole kimoja juu ya leva. Sammy Miller aliposhinda mashindano ya Scottish Six Days mwaka 1965 akiwa juu ya Bultaco, breki ya mbele ilikuwa ya ngoma inayovutwa kwa waya, muundo ule ule ulio kwenye bodaboda nyingi za Uasin Gishu leo. Mtu atajibu kwamba matairi yao ni laini, yana upepo mdogo, na pikipiki zenyewe hazibebi abiria. Ni kweli, na kwa hiyo hatuwezi kuchukua vipimo vyao. Tunachoweza kuchukua ni mbinu zao za kuirekebisha ngoma, maana waliokuwa nayo walihangaika sana kuifanya itii kidole.

Ndani ya ngoma mna breki shu mbili. Leva huvuta waya, waya huvuta mkono mfupi ulio nje ya bamba la breki, mkono huzungusha kamu, na kamu hutanua shu hadi ziguse ukuta wa ngoma. Tazama kwanza ule mkono mfupi, kwa sababu kosa kubwa hujificha hapo. Nguvu ya waya hufanya kazi yote pale waya na mkono vinapokutana kwa pembe ya nyuzi 90 breki ikiwa imeshika. Shu zinapolika, dereva hukaza nati ya mwisho wa waya wiki baada ya wiki, na mkono huzidi kuvutwa. Ukifika nyuzi 130, karibu robo ya nguvu imepotea, na dereva hulaumu pikipiki. Kama utando wa shu bado ni mnene, mkono unaweza kuchomolewa kwenye meno ya kamu na kurudishwa jino moja. Kama utando umebaki chini ya milimita 2, usiguse meno hayo. Nunua shu mpya. Kamu inayolazimishwa kugeuka kupita kiasi yaweza kukwama, na tairi likafunga lisifunguke.

Shu mpya nazo si mwisho wa kazi. Mara nyingi hugusa ngoma sehemu ndogo tu, ama katikati ama kwenye ncha. Zipake chaki, funga gurudumu, lizungushe huku ukivuta breki kidogo, kisha fungua: palipofutika chaki ndipo panapogusa. Punguza hapo kwa msasa na urudie hadi chaki ifutike karibu kote. Kati ya shu hizo mbili, moja huvutwa na mzunguko wa ngoma wenyewe na kujikaza zaidi kuliko mkono ulivyoomba. Ndiyo inayoipa ngoma nguvu, na ndiyo inayoweza kuifanya ing'ate ghafla ikiwa ncha yake inatangulia kugusa. Lainisha ncha hiyo kwa tupa, iwe na mteremko mdogo. Vumbi la breki lisipulizwe kwa mdomo wala kwa kompresa, maana tando nyingine zina asbesto inayoharibu mapafu. Lifutwe kwa kitambaa kilicholowa. Fundi anayefanya hivyo anastahili kuheshimiwa hata kama kazi yake inachelewa.

Wakati wa kurudisha gurudumu, usikaze nati ya ekseli mara moja. Iache imelegea kidogo, zungusha gurudumu, vuta breki kwa nguvu, na ukiwa umeishikilia hivyo ndipo ukaze nati. Bamba la breki litakaa katikati ya ngoma na shu zote mbili zitafanya kazi. Hatua hii ni ya bure na mara nyingi tofauti huhisiwa papo hapo. Kabla ya hapo hakikisha kwamba mfereji wa bamba umeingia kwenye kishikio cha foki. Usipoingia, bamba zima huzunguka na waya hukatika. Waya nao upite bila kona kali, utiwe mafuta, na ubadilishwe ukianza kukwaruza. Katika miezi ya mvua matope huingia hadi kwenye leva, na nusu ya kazi ya vidole huishia kupigana na kutu.

Wapo wanaorefusha mkono wa kamu. Kutoka milimita 60 hadi 70 huongeza nguvu kwa sehemu moja ya sita, ila leva nayo husafiri zaidi kwa kiasi hicho hicho. Ni jambo la kufanya baada ya mengine yote, kwa mkono wa chuma kizima, usiounganishwa kwa kulehemu.

Sababu ya kutoiachia breki ya nyuma kazi yote inaonekana wazi zaidi kwa anayepeleka abiria katika Bonde la Kerio. Kutoka Iten kupitia Tambach hadi bondeni barabara hushuka zaidi ya mita 1,000. Pikipiki yetu ya kilo 300 ikishuka mita 1,000, nishati inayopaswa kumalizwa ingeweza kuchemsha zaidi ya lita 8 za maji baridi. Sehemu yake huchukuliwa na upepo na injini, ikiwa dereva ameweka gia ndogo kama inavyotakiwa. Iliyobaki huishia kwenye breki, na ngoma moja ikibebeshwa yote hupata moto hadi shu zikateleza bila kushika. Kuigawa kazi kati ya ngoma mbili ndiyo akiba ya dereva katika mteremko ule.

Je, si afadhali kuhamia diski? Kwa anayenunua pikipiki mpya, ndiyo, achague yenye diski mbele: hukauka haraka baada ya maji, hupoa upesi, na hulika bila kuharibu pembe ya waya. Lakini kuipandikiza diski kwenye foki isiyotengenezewa ni hatari, kwa sababu kishikio cha kulehemu kikikatika gurudumu hufunga papo hapo. Tena diski ina deni lake: mafuta yake hunyonya unyevu na hubadilishwa kila baada ya miaka 2 hivi, na mafuta ya injini yakimiminwa humo huharibu mipira.

Ukishatengeneza, ijaribu kwenye barabara tambarare na kavu, bila abiria, kwa kilomita 20 kwa saa, usukani ukiwa umenyooka. Minya kwa vidole viwili, kwanza kwa wepesi kisha kwa kukaza, pamoja na breki ya nyuma. Rudia hadi vidole vizoee, kisha ongeza mwendo kidogo kidogo. Kwenye kona na kwenye udongo uliolowa, punguza mwendo kabla hujafika. Na kama leva ikivutwa hadi mwisho bado inagusa usukani, abiria asipande.