Usonji Karatu: tiba inaanzia kwenye kibuyu chirizi

Mtoto wa miaka mitano kule Rhotia bado hazungumzi. Bibi anasema hata baba yake alichelewa, jirani anasema karogwa, mwalimu wa awali anasema ni utundu tu. Wilayani Karatu swali la kwanza liwe: nyumbani anasikia lugha gani? Aliyelelewa kwa Kiiraqw au Kidatoga anaweza kunyamaza darasani kwa sababu Kiswahili ndiyo kwanza anakianza. Mwenye usonji mara nyingi hutatizika hata katika lugha ya mama. Akiitwa jina hageuki, hamwonyeshi mtu kitu kwa kidole, na njia ya kwenda mnadani ikibadilishwa anaweza kuangua kilio.

Chanzo ni namna ubongo unavyokua, mara nyingi tangu tumboni, na urithi unachangia sana. Mwaka 2006 watafiti waliripoti watoto watatu wa Tanzania ambao dalili zao zilijitokeza mara baada ya malaria kali. Ni wachache mno kutolea hukumu. Dawa ya kuuondoa usonji haipo. Kifafa, ambacho huandamana nao kwa baadhi ya watoto, kina vidonge vyake.

Tiba ya tabia ilipata jina mwaka 1987, Ivar Lovaas wa Marekani aliporipoti mafanikio ya kufundisha watoto saa 40 kwa wiki, mmoja mmoja. Kwa mkulima wa vitunguu Mang'ola, hiyo ni hadithi. Afadhali mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kuwafunza walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9: vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, na wakufunzi si lazima wawe mabingwa.

Kila stadi hugawanywa hatua ndogondogo. Chukua kunawa kwenye kibuyu chirizi: kukanyaga kijiti, kulowanisha mikono, kupaka sabuni, kusugua, kusuuza, kukung'uta maji. Mama anamshika mikono hatua zote, ila ya mwisho anamwachia. Akikung'uta mwenyewe, asifiwe papo hapo, au apewe kipande cha ndizi. Akishazoea, anaachiwa na kusuuza. Kwa kuanzia mwisho, kila zoezi linaishia kwenye ushindi wake.

Kujigaragaza nako kuna sababu. Anayepewa biskuti ili anyamaze amejifunza kwamba kupiga kelele kunalipa. Afundishwe kuomba, hata kwa picha au ishara ya mkono. Fimbo humtisha tu, haimwonyeshi la kufanya. Kijana aliyebalehe hufundishwa kwa hatua hizohizo kununua sukari dukani, na pia kujua ni nani anaruhusiwa kumgusa. Hili la pili wazazi wengi hulionea haya.

Wataalamu wa tiba kwa vitendo, ambao chuo chao kipo KCMC, Moshi, ni wachache. Ukimpata mmoja, mpelekee daftari la wiki nzima: kila mtoto alipojigaragaza, ilikuwa saa ngapi, nini kilitangulia, mtoto alifanya nini, kisha alipata nini.