Mlinzi wa Boma Anapoanza Kuchechemea

Ndugu msomaji, huenda mwaka huu ukipata likizo utapanda basi hadi Kahama, kisha ushike njia ya vumbi kuelekea Nyamilangano, Ulowa au Bulungwa, huko Ushetu, kwenda kuwaamkia wazee. Aghalabu wa kwanza kukulaki si mzee, bali ni mbwa wa boma. Miaka ya nyuma alikuwa akikukimbilia tangu kwenye pembe ya shamba la tumbaku. Safari hii ananyanyuka kwa taabu, anajinyoosha mara mbili, kisha anakuja akichechemea huku akitikisa mkia. Wenyeji watakuambia, "Amezeeka huyo," na mazungumzo yatahamia kwenye mvua na bei ya pamba.

Ni kweli kwamba uzee una sehemu yake. Lakini kuzeeka si ugonjwa, na maumivu si jambo la kuachwa hivi hivi kwa sababu tu mwenye kuumwa hana ulimi wa kusema. Katika makala hii tutatazama yale ambayo familia yaweza kuyafanya kwa vitu vya nyumbani ili kumpunguzia mnyama maumivu ya viungo, na yale ambayo kamwe isiyafanye.

NINI KINACHOUMA?

Mahali mifupa miwili inapokutana pana gegedu, yaani utando mgumu unaoteleza, uliowekwa ili mfupa usisage mfupa. Miaka inapopita, gegedu hulika. Kiungo huvimba, hukakamaa hasa asubuhi na wakati wa baridi ya Juni na Julai, kisha hulegea kidogo mnyama akishatembea. Paka huficha maumivu kuliko mbwa: utaona tu kwamba haruki tena juu ya ghala kuwinda panya, na manyoya ya mgongoni yamechafuka kwa kuwa hawezi kujigeuza ajilambe.

Hata hivyo, si kila kuchechemea ni uzee. Anza kwa kukagua unyayo: tafuta mwiba, kidonda, au kucha iliyojipinda ikaingia nyamani. Tazama kupe masikioni na katikati ya vidole, kwani kupe wa mbwa huambukiza homa ambayo yaweza kuvimbisha viungo. Ikiwa ni mtoto wa mbwa mwenye miguu iliyopinda, chunguza chakula chake. Ugali mtupu, au nyama tupu, haumpi chokaa ya kutosha kujengea mifupa. Dagaa wazima waliosagwa pamoja na mifupa yao husaidia hapo.

TIBA ILIYO JIKONI

Dawa ya kwanza haiuzwi popote, nayo ni kupunguza uzito. Huko Marekani wataalamu waliwalea mbwa 48 wa aina ya Labrador tangu utotoni hadi kufa kwao, wakawagawa wawili wawili. Mmoja alipewa chakula pungufu kwa robo kuliko mwenzake. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha kwamba waliokula kidogo waliishi kwa wastani wa miaka 13, na walioshiba zaidi miaka 11 na ushei. Maradhi ya viungo nayo yaliwachelewa wale wembamba. Mbwa wengi wa kijijini hawana tatizo la unene, lakini yule wa mjini anayefungwa mchana kutwa na kutupiwa makombo yote ya mezani analo. Ukipitisha mkono ubavuni mwake, yakupasa uhisi mbavu bila kubonyeza kwa nguvu.

Ya pili ni malazi. Sakafu ya saruji huvuta joto la mwili, tena huteleza. Mtandikie magunia mawili yaliyojazwa majani makavu, pasipo na upepo wala unyevu, na uyaanike juani kila wiki.

Ya tatu ni mwendo. Usimlaze siku nzima, wala usimkimbize nyuma ya baiskeli. Matembezi mafupi mara mbili au tatu kwa siku, jua likiwa halijawa kali, huimarisha misuli inayokishikilia kiungo.

Ya nne ni joto. Chovya kitambaa katika maji ya moto kiasi ambacho mkono wako unastahimili, kamua, kisha uweke juu ya kiungo kwa dakika kumi. Baada ya hapo sugua misuli polepole kwa viganja. Lakini kiungo kilichoumia leo, chenye uvimbe na moto, kinataka kitambaa cha maji baridi. Na mnyama akikataa kuguswa, mwache.

Vipi kuhusu mitishamba? Mafuta ya samaki yamechunguzwa, na yameonekana kuwapunguzia baadhi ya mbwa maumivu. Dagaa wa Ziwa Victoria wana mafuta ya jamii hiyo. Waoshe mchanga, wachemshe bila chumvi, changanya kidogo katika chakula. Ni lishe njema, ingawa kipimo chake hakifikii kile cha dawa. Manjano na tangawizi husifiwa sana, lakini ushahidi wake kwa wanyama ungali haba. Vitunguu maji na vitunguu saumu visitumike kabisa, kwani huharibu damu ya mbwa na paka.

YALIYO HARAMU

Hapa, ndugu msomaji, ndipo wema wetu unapoua. Mtu humhurumia paka wake akampa kipande cha Panadol. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo, na kidonge kimoja chatosha kumwua. Brufen na diklofenaki nazo hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo zake. Dawa ya binadamu ibaki kwa binadamu, isipokuwa daktari wa mifugo ameagiza na kupima mwenyewe.

La pili ni kuchoma kiungo kwa chuma cha moto, mila ambayo ingali ikifanywa kwa punda na ng'ombe. Chuma hakifiki kwenye ugonjwa. Huongeza jeraha juu ya jeraha. Tanzania inayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, nayo imekataza kumtesa mnyama.

DALILI ZISIZONGOJA

Mbwa ambaye ghafla anapooza miguu ya nyuma, taya likilegea, mate yakimtoka na kushindwa kumeza, huenda hana ugonjwa wa viungo hata kidogo. Kichaa cha mbwa huweza kuanza kwa kupooza, bila ukali wala kubweka. Usimfungue kinywa ukidhani amekwamwa na mfupa. Waondoe watoto, mtenge, umwite afisa mifugo. Aliyeng'atwa, au aliyeguswa na mate penye mchubuko, aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kupata chanjo. Dalili zikishamtokea mtu, tiba hakuna. Ndiyo maana chanjo ya mbwa si anasa.

Vivyo hivyo ng'ombe au maksai mwenye uvimbe wa maji kwenye magoti ya mbele, katika zizi ambalo ng'ombe hutupa mimba, huenda ana ugonjwa wa brusela. Huo humwingia binadamu kwa maziwa mabichi, ukamletea homa na maumivu ya viungo vyake mwenyewe. Chemsheni maziwa, na msishike kwa mikono mitupu mimba iliyotupwa wala kondo la nyuma.

Basi, ndugu msomaji, utakapofunga mizigo ya likizo, pamoja na sukari na kanga za mama tia magunia mawili matupu. Ukifika, kaa chini na yule mlinzi mzee, ushike miguu yake mmoja mmoja, umkague. Waulize wazee alichanjwa lini. Amelinda usingizi wa boma zima kwa miaka mingi bila kudai mshahara. Kumpatia uzee usio na maumivu ni kulipa deni.